Mswaki Niliomnyang'anya Mama Yako

Nakumbuka, mwanangu Idrisa, asubuhi ile niliyomnyang'anya mama yako mswaki. Ulikuwa mswaki wa pinki, mpini wake umepinda kidogo karibu na kichwa. Niliuchukua kwenye kikombe cha bati kilichokaa dirishani, nikautia mfukoni mwa shati kama askari aliyekamata kisu. Mama yako alikuwa na mimba ya dada yako Mwajuma, miezi minne hivi, na ilikuwa kumi la kwanza la Ramadhani. Habari hii hujawahi kuisikia kwa sababu mie sikutaka uisikie, wala sikutaka aisikie mtu mwingine yeyote.

Lakini juzi ulinipigia simu kutoka huko Sinza. Ukanisalimia, ukaniuliza mvua za Chanika, halafu ukasema, "Baba, Rehema fizi zinamtoka damu kila akipiga mswaki. Zimevimba kabisa, na mimba nayo hii. Nimemwambia apumzike kwanza na huo mswaki mpaka zipone. Nimefanya sawa?"

Nikakwambia nitakujibu. Nimekaa siku mbili nikitafuta namna ya kukujibu, maana mdomo wangu unaujua, mwepesi kugomba, na ningekugombeza kwa kosa ambalo mie ndiye mwalimu wake. Kwa hiyo nimechukua kalamu. Dada yako Mwajuma atakuletea barua hii akishuka mjini. Isome taratibu, na mkeo Rehema naye aisome.

Tulikuwa tunakaa Temeke, chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji watano, uani bomba moja na choo kimoja. Mie nina miaka ishirini na minne, mama yako ishirini na mmoja. Usimwone sasa hivi anavyocheka ameziba mdomo kwa kanga. Wakati ule Zena akicheka, mtu aliye barabarani anageuka. Mie mwenyewe nilimsikia kabla sijamwona, kwenye harusi ya binamu yangu, ng'ambo ya turubai upande wa wanawake. Nikauliza, nani huyo? Wakaniambia ni Zena, binti wa yule seremala, na usijisumbue, ana maneno. Nikajisumbua.

Kazi nilikuwa nafanya kwa Mzee Gulamu. Huyu alikuwa Mhindi wa Kishia, baba yake na babu yake wote wamezaliwa hapahapa Dar, na alikuwa na karakana ya kutengeneza mabirika ya umeme, pasi na pampu za maji. Maji ya visima vyetu unayajua, yana chumvi. Ukiyachemsha kila siku yanaacha gamba jeupe ndani ya birika. Gamba likiwa jipya unalipangusa kwa kitambaa. Ukiliacha linaganda kama saruji, na birika linachemsha kwa shida mpaka siku moja linaungua. Basi mie kutwa nzima nilikuwa mtu wa kukwangua magamba. Hilo liweke kichwani, nitalirudia.

Maradhi ya mama yako yalianza na povu. Alitema povu la dawa ya meno uani, likawa na wekundu ndani yake, akalimwagia maji haraka. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Fizi zake za mbele zilikuwa zimevimba, nyekundu, zinang'aa. Akiuma hindi la kuchoma, linabaki na alama ya damu. Mie nikashikwa na hofu, na hofu yangu huwa inakuja na sauti kubwa.

"Una nini wewe?" nikamuuliza.

"Sijui."

"Hujui vipi na mdomo ni wako?"

"Na wewe tumbo likikuuma huwa unajua lina nini?" akanijibu.

Nikatoka kwenda kuuliza watu. Na hapo ndipo nilipojipoteza. Mama yangu, yaani bibi yako, alivuka kutoka Kigamboni kuja kumtazama mkwewe, akamchungulia kinywani, akasema ni mimba tu hiyo, akijifungua itaacha yenyewe. Mama Neema, mwalimu wa shule ya msingi aliyetoka Iringa na kupanga chumba cha pili yetu, akasema siyo mimba, ni upungufu wa vitamini, ale machungwa na mboga za majani. Kijana wa duka la dawa akaniuzia vidonge vya rangi mbili bila hata kuniuliza mgonjwa ni nani. Zena akavikataa, akasema hajui vitamfanya nini mtoto. Na mtu mmoja nisiyemjua hata jina, tumesimama naye tu kwenye foleni ya mafuta ya taa, akaniambia mwanamke akitokwa damu fizini ujue kuna jambo anamficha mumewe. Nikamshukuru, mjinga mie, na neno lake nikaenda nalo nyumbani pamoja na mafuta.

Kila mmoja alisema kwa uhakika, kila mmoja na lake. Nikiwa na mama yangu naamini mimba, nikikutana na Mama Neema naamini machungwa. Kichwa kikawa kama redio iliyokaa katikati ya stesheni mbili. Nilikuwa nampenda sana mke wangu, mwanangu, na sikujua nimfanyie nini. Mwanamume akiwa hajui la kufanya, na ana mamlaka ya nyumba, huyo ni mtu wa kuogopwa.

Ramadhani ikaingia. Nikamwambia mjamzito ana ruhusa ya kula akiwa na hofu. Akasema yeye hana hofu, funga haijawahi kumshinda tangu utotoni. Sasa tatizo likawa alfajiri. Tukimaliza daku anapiga mswaki, damu inaanza. Anasukutua, inaendelea. Anasukutua tena, mara adhana hiyo. Anakaa kitandani na kitambaa mdomoni, ananiuliza, "Sasa mie nimefunga au sijafunga?"

Mie ndiye niliyekaa madrasa miaka mingi, kwa hiyo nilitakiwa nijue. Sikujua. Nikaenda kumuuliza shehe wa msikiti wetu, akanijibu vizuri kabisa: damu kutoka fizini haiharibu funga, aiteme, asiimeze kwa makusudi, asukutue, aendelee na siku yake. Na akijiona dhaifu ale, atalipa baadaye. Jibu limekwisha hapo. Mwenye akili zake angerudi nyumbani kupumzika. Mie njiani nikaliongezea langu. Nikawaza, je, akiimeza usingizini? Je, mwezi mzima ukaja kuwa na shaka kwa sababu mie mwenye nyumba nilizembea? Damu inatoka saa ngapi? Anapopiga mswaki. Basi mwenye kosa ni mswaki. Nilifika nyumbani natembea kifua mbele, nimetatua jambo lililowashinda mama yangu, mwalimu na muuza dawa.

Asubuhi ile ndipo nilipouchukua. "Mpaka Idi," nikamwambia.

"Mswaki wangu unakuhusu nini wewe?"

"Unakuharibia funga. Tena ndio unaokuchubua. Ziache fizi zipumzike."

"Nitanuka mdomo, mume wangu."

"Utasukutua kwa maji ya chumvi."

Akaniangalia. Kisha akacheka, lile cheko lake la kugeuza watu barabarani, kichwa nyuma, meno yote nje, na utepe mwembamba wa damu juu yake. "Haya, bwana daktari, chukua," akasema.

Cheko hilo nimelihifadhi mpaka leo.

Siku tatu za mwanzo damu haikuonekana. Nikatamba! Mama Neema nikamwambia machungwa yake akawape wanafunzi. Mama yangu nikampelekea salamu Kigamboni kwamba mkwewe amepona, nimemtibu mwenyewe. Sikujua kwamba kutoiona damu si kupona. Hakuna aliyekuwa anazigusa fizi zile, basi zilikuwa zinavimba kimyakimya.

Ilipofika wiki ya pili zikageuka rangi, zikawa kama zambarau, zikajaza nafasi zote kati ya jino na jino. Sasa damu haikungoja mswaki. Niliiona kwenye foronya, nikaiona kwenye ukingo wa kikombe. Harufu nayo ikaja. Zena akaanza kulala ameelekea ukutani. Akiongea na mie anageuza uso. Akaacha kukaa na wenzake uani jioni wakati wa kukaanga sambusa. Akaacha kucheka.

Na mie, badala ya kuona fizi, nikalikumbuka neno la mtu wa foleni ya mafuta. Anamficha nani huyu? Kwa nini hataki nimkaribie? Nikaanza kumchunguza anatoka saa ngapi, anaongea na nani bombani. Siku moja nikanuna tangu futari mpaka asubuhi. Mwanamke anaona aibu ya harufu niliyomsababishia mwenyewe, na mie nanuna kwa wivu. Ninapoandika hapa nasikia aibu mpaka kwenye masikio, na ni mzee wa miaka sitini.

Idi ikafika. Nilikuwa nimeahidi kumrudishia mswaki siku hiyo, sikumrudishia. Nilijiambia kama bila mswaki damu inatoka hivi, ukiingia mswaki itakuwaje? Unaona akili ilivyozunguka? Dawa imeshindwa, na mie naongeza dozi. Na kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia: mswaki wenyewe haukuwa tena wa kurudishwa.

Siku ya Idi ndugu walikula pilau, yeye akanywa uji. Jino moja la mbele, la juu, lilikuwa limeanza kucheza, na fizi yake ina uvimbe wenye kichwa cha usaha. Hakuweza kutafuna nyama, hakuweza kutafuna hata ndizi ya kuchemsha bila kufumba macho. Alipokwenda kliniki, nesi akamwandikia kwenye kadi kwamba uzito wake haupandi, umeshuka, na akamuuliza kama nyumbani kuna chakula. Chakula kilikuwepo. Hapo sasa hofu ikahama kutoka kwenye meno ikaja kwa mtoto. Usiku nilikuwa naweka mkono kwenye tumbo lake kumsikiliza dada yako, akikaa bila kucheza kidogo tu, natokwa jasho.

Hata hapo bado sikuelewa.

Aliyenielewesha ni Mzee Gulamu, na wala hakukusudia. Asubuhi moja nilikuwa karakanani nasafisha mdomo wa birika la mteja. Gamba lilikuwa limejibana kwenye kona ambayo kisu hakifiki, na mie nilikuwa nimepata kifaa kizuri cha kona kama zile. Mzee Gulamu akapita nyuma yangu akasimama.

"Salumu, huo mswaki wa nani?"

Mswaki wa pinki, mpini umepinda. Ulikuwa sandukuni mwa vifaa vyangu tangu Ramadhani.

"Wa mke wangu, mzee."

"Na yeye anatumia nini?"

"Hatumii. Fizi zilikuwa zinamtoka damu, nikamwachisha."

Nikamsimulia yote, tena mwanzoni kwa majivuno kidogo: funga, adhana, shehe, hesabu yangu ya njiani. Kadiri nilivyosimulia ndivyo sauti ilivyopungua, kwa sababu uso wake haukuwa wa mtu anayesikia habari njema. Nilipofika kwenye jino linalocheza, akavua miwani. Akageukia ukutani, akatia vidole kinywani, na alipogeuka alikuwa ameshika safu nzima ya meno ya juu. Akaiweka mezani, kati ya bisibisi na birika. Miaka mitatu nafanya kazi kwa mtu yule, nakula naye chapati saa nne kila siku, na sikuwahi kujua.

Bila meno uso ulikuwa umeingia ndani, na maneno yalitoka na upepo, lakini niliyasikia yote.

"Mimi pia niliona damu," akasema. "Nilikuwa kijana kama wewe. Nikasema mswaki unaniumiza, nikauacha. Damu ikapungua, nikafurahi. Furaha yangu hiyo hapo mezani."

Sikuthubutu kuitazama.

Akanyanyua birika. "Hili likishika gamba unafanya nini?"

"Nakwangua, mzee."

"Huliachi lipumzike?"

"Haliwezi kupona lenyewe, mzee."

"Umesema wewe, sijasema mimi." Akalirudisha mezani kwa kishindo. "Meno yanashika uchafu kila siku, pale yanapokutana na fizi. Usipoutoa unaganda. Fizi inaukataa, inavimba, inatoa damu. Damu inakwambia njoo usafishe hapa, wewe unakimbia na mswaki! Birika la mtu usiyemjua unalipigia mswaki, kinywa cha mkeo umekifunga. Toka. Leo huna kazi hapa. Mpeleke kwa daktari wa meno, na kama hujampeleka kesho usije."

Alikuwa mtu mpole sana, Mzee Gulamu. Sikumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile wala baada yake.

Nikapita dukani nikanunua mswaki mpya, laini. Nilipompa Zena akaugeuza mkononi, akaniuliza, "Wangu uko wapi?" Ningeweza kudanganya. Nikamwambia upo karakanani, nautumia kwa kazi. "Kwenye mabirika?" akauliza, uso ameugeuzia pembeni kama alivyozoea. Nikasema ndiyo. Hakugomba, na yule ni mtu mwenye maneno, unamjua. Alivaa baibui lake akasema twende.

Daktari wa meno alikuwa dada mmoja kijana, mikono yake myepesi. Akamkalisha, akamulika, akatingisha jino la mbele kwa kidole kimoja na likaenda lote. Akasema jino hili halikuanza kulegea jana. Uchafu wa meno, yaani ukoga, ulikuwa umeganda chini ya fizi kwa muda mrefu, pengine tangu usichana. Mimba huzifanya fizi ziwe nyepesi kuvimba, uchafu mdogo unazalisha uvimbe mkubwa, ndiyo maana alianza kutoka damu miezi ile. Lakini mimba peke yake isingefika hapa. Kisha akamuuliza mama yako, "Ni nani aliyekwambia uache kupiga mswaki?"

Mie nimesimama pale mlangoni, kofia mkononi.

Zena akaniangalia mara moja. Akamgeukia daktari, akasema, "Niliacha mwenyewe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikafungua mdomo niseme ni mie, daktari tayari alikuwa ameinama anaandika. Nikaufunga. Nimeufunga mpaka leo ninapokuandikia, mwanangu. Mbali na Mzee Gulamu, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Jino likang'olewa siku ileile, kwa ganzi, na daktari akatuhakikishia kwamba ganzi ile haina madhara kwa mjamzito, kikubwa ni kumwambia daktari kwamba una mimba. Yale mengine akayakwangua. Nilisikia ile sauti ya chuma kwenye gamba, krr, krr, sauti ninayoijua kuliko fundi yeyote wa Temeke. Siku alizorudi kwenye mswaki damu ilitoka tena, na roho yangu ilikuwa inaniambia mnyang'anye, mnyang'anye. Nikakaa juu ya mikono yangu. Wiki ya kwanza ikatoka, ya pili ikapungua, ya tatu akatema povu jeupe. Akaniita uani nije nilione, na wapangaji wote wakatoka kuangalia povu. Akala. Uzito ukapanda. Dada yako alizaliwa mnene, analia kwa sauti ya mama yake.

Mpaka leo, mwanangu, kuna sehemu ya akili yangu inayokataa. Kinachotoka damu ukiguse? Tena kila siku? Moyo wote unasema kiache. Kwa hiyo sikulaumu wala sikucheki ulipomwambia Rehema apumzike, ulisema kwa mapenzi. Mie pia nilisema kwa mapenzi. Ila wale wote niliowauliza, kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha ukweli. Mimba kweli huchochea. Kukosa matunda na mboga kweli hudhoofisha fizi. Ila hakuna aliyeniambia kipande kilichobaki, kwamba kinywa kinatakiwa kisafishwe, na mie sikwenda kwa mtu mwenye kazi yake.

Basi sikiliza nikuambie wazi. Rehema asiache mswaki. Aupate ulio laini, apige asubuhi na kabla ya kulala, taratibu, pale jino linapokutana na fizi, asisugue kwa nguvu kama anaosha sufuria, maana kusugua hivyo nako kunachubua. Katikati ya meno apitishe uzi wa meno, asichokonoe kwa pini wala kijiti kikali. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo yatampoza, asukutue, lakini yasichukue nafasi ya mswaki. Vidonge vya kuokota dukani usimletee. Na mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii hii, usisubiri ajifungue, kwa sababu lililoganda mswaki hauliwezi, linataka mkono wa fundi. Akivimba uso, akapata homa, usaha ukatokea au damu ikakataa kukatika, huko ni kwenda hospitali siku hiyohiyo. Wewe nawe jitazame. Ukiacha kutema damu ukadhani umepona kumbe umeacha tu kupiga mswaki, ni ujinga wangu huo umeurithi. Na mtu ambaye fizi zake hazitulii hata akisafisha vizuri apimwe sukari, na amweleze daktari dawa anazokunywa na sigara anazovuta. Mjomba wako sukari yake iligunduliwa kwa njia hiyo, alikwenda kwa ajili ya fizi.

Na jambo la mwisho si la meno. Usimtolee mkeo amri juu ya jambo usilolijua. Ukichanganyikiwa, mwambie umechanganyikiwa. Mie ningemwambia Zena, "Sijui kama umefunga, sijui fizi zina nini, twende tukaulize," ningekuwa mwanamume zaidi kuliko yule aliyetembea kifua mbele na mswaki mfukoni.

Daktari alimtengenezea mama yako jino la bandia baadaye. Likamsumbua, liko kabatini kwenye kikasha cha hereni, siku moja nitakuonyesha. Kuanzia lilipong'oka lile lake, akitaka kucheka anavuta pindo la kanga kwanza. Nyie watoto mmekua mkidhani ni haya za kipwani. Juzi ulipokata simu aliniuliza ulikuwa unataka nini, nikamweleza. Akacheka mpaka jirani akageuka huko shambani kwake. "Kumbe ni ya ukoo!" akasema, kanga mdomoni. Nimekaa na mwanamke huyu ujana na uzee, na cheko lake ni lilelile. Ila tangu asubuhi ile ya Ramadhani nalisikia tu, silioni.

Mrudishie Rehema mswaki wake leo. Mwenyezi Mungu amjaalie uzazi mwepesi na mtoto mwenye afya, awape nyumba yenye maelewano, na wewe mwanangu akufikishe uzee wangu huu, umekaa mbele ya mkeo, anacheka mdomo wazi, na unamwona.